Bandari ya Bujumbura na Deni la Tope

Julai 1916, Wajerumani walipoamua kuizamisha meli yao ya Ziwa Tanganyika, Graf von Götzen, isitekwe na Wabelgiji, mafundi wake waliipaka mitambo grisi nzito kwanza, ndipo wakaiachia maji. Wabelgiji wakaja kuiopoa, ikazama tena. Waingereza waliitoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza safari kwa jina la Liemba. Kwa miongo mingi ilipakia na kushusha watu na mizigo Bujumbura. Grisi ile ya dakika za mwisho ilisaidia meli kuishi karne nzima.

Bandari yenyewe haikupata bahati ya kutunzwa hivyo. Usumbura, kama mji ulivyoitwa kabla ya uhuru wa 1962, ulikuwa makao makuu ya Ruanda-Urundi chini ya Wabelgiji. Shehena ilishuka Dar es Salaam, ikapanda treni hadi Kigoma, kisha ikavuka ziwa. Kahawa ilirudi kwa njia hiyohiyo. Miaka ya mwisho ya ukoloni yakajengwa magati ya kisasa, na Burundi huru ikarithi bandari iliyo tayari kufanya kazi.

Tukisimulia misukosuko yake tunataja vita vilivyoanza 1993, na vikwazo vya majirani kuanzia 1996 hadi 1999, vilivyokausha biashara ya bandari. Ni kweli. Lakini yuko adui mwingine asiyetangaza vita, naye ni tope.

Msimu wa mvua, simama uangalie Mto Ntahangwa ukiingia ziwani: maji mekundu yanapasua ya bluu na kusonga mbele kabla ya kuchanganyika. Ule ni udongo wa milima iliyo juu ya mji, pamoja na taka za mifereji. Ndani ya bandari maji yametulia, kwa kuwa yamekingwa dhidi ya mawimbi; na palipo na utulivu, udongo hutuama. Kina kikipungua, nahodha hana budi kupunguza mzigo ili meli isikwame. Safari ni ileile, mafuta ni yaleyale, saruji iliyofika ni pungufu. Anayelipa tofauti ni mnunuzi sokoni.

Ziwa nalo lina tabia zake. Mto pekee unaotoa maji yake ni Lukuga, upande wa Kongo, kwa hiyo mvua zikizidi ziwa hupanda. Lilipanda sana 1964, na mwaka 2024 likakaribia tena kiwango kile, likafurika kingo za Bujumbura. Maji yakishuka, tope linabaki palepale.

Mwaka 2012 Japani, kupitia shirika lake la ushirikiano wa kimataifa, JICA, ilikamilisha mpango mkuu wa bandari za Burundi. Benki ya Maendeleo ya Afrika nayo imetoa fedha za ukarabati. Ni heri. Ila ukarabati mkubwa ni wa mara moja, na udongo unashuka kila masika. Mji huu hauna uhaba wa watu wanaojua kutunza: mafundi wa mtaa wa Buyenzi wanafufua magari ambayo kwingine yangekuwa chuma chakavu. Kinachokosekana ni fungu la kila mwaka la kuongeza kina, na miti kwenye miteremko ya Ntahangwa. Wenye dhamana waviweke vyote viwili kwenye bajeti moja, kabla ya mvua zijazo.