Kujivua Mamlaka kwa Michakato ya Linux

Kujivua mamlaka ni kitendo cha mchakato, yaani programu iliyokwisha kuanza kazi ndani ya kompyuta, kuacha wenyewe nguvu za mtumiaji mkuu na kuendelea kwa jina la mtumiaji wa kawaida. Katika Linux mtumiaji mkuu huitwa root na namba yake ni 0. Husoma faili lolote, huua mchakato wowote, na akitaka hufuta diski nzima.

Tuseme ofisi moja mjini Bariadi ina seva ya Python inayopokea uzito wa pamba kutoka vyama vya ushirika vya wakulima (AMCOS) vya Itilima, Maswa, Meatu na Busega msimu wa ununuzi unapofunguliwa. Seva hiyo husikiliza poti 443, na Linux kwa kawaida haimruhusu mtumiaji wa kawaida kushika poti iliyo chini ya 1024. Kwa hiyo huanzishwa na root. Lakini kusoma ujumbe wenye kilo za pamba hakuhitaji nguvu za root hata chembe, na sehemu inayosoma ujumbe wa watu wa nje ndiyo yenye hatari kubwa kuliko zote. Mvamizi akipata kasoro hapo, hurithi nguvu zozote ambazo mchakato bado unazo. Ndiyo maana seva hushika poti kwanza, hujivua mamlaka, kisha ndipo hupokea ujumbe wa kwanza.

Tafsiri zinazokuja upesi za istilahi ya Kiingereza “dropping privileges” ni “kuacha haki” na “kuacha upendeleo”, na zote mbili zina walakini. Haki ni kitu ambacho mtu hastahili kunyimwa. Upendeleo hunuka uonevu. Mamlaka hukaa vizuri zaidi, kwa kuwa hutolewa kwa kazi maalumu na huweza kukoma. Kiswahili kinajua pia kumvua mtu madaraka, jambo linalofanywa na aliye juu yake. Kiambishi -ji- kinaonyesha kwamba hapa mchakato unajitendea wenyewe. Kitenzi “kushusha” kinafaa kuwekewa maana nyingine, ya kupunguza mamlaka kwa muda, kwa sababu kilichoshushwa huweza kupandishwa. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliotoa Jambo OpenOffice ya Kiswahili mwaka 2004, ulishughulikia maneno ambayo mtu hukutana nayo kwenye menyu za programu ya ofisi. Tofauti hii ya kushusha na kujivua iko ndani zaidi ya mfumo, na wengi huiona baada ya kuumia.

Kila mchakato wa Linux hubeba namba tatu za mtumiaji. Namba halisi humtaja aliyeuanzisha. Namba tendaji ndiyo inayotazamwa na kerneli, yaani kiini cha mfumo, inapokubali au kukataa ombi. Namba akiba hutunza utambulisho ambao mchakato unaweza kuurudia: ni ufunguo wa ziada uliobaki mfukoni mwa karani aliyekwisha kukabidhi ghala. Amri ya os.seteuid hubadili namba tendaji peke yake, kwa hiyo hushusha tu. Amri ya os.setuid, ikitolewa na mchakato wenye nguvu za root, hubadili zote tatu. Mtego uko hapa: mchakato ukishusha kwanza kwa os.seteuid, kisha ukaita os.setuid, amri hiyo haiwezi tena kubadili zote tatu, na 0 inabaki kwenye akiba. Aliyeshusha sharti apandishe tena ndipo ajivue. Kwa sababu hiyo os.setresuid, inayotaja namba zote tatu waziwazi, ni salama zaidi. Python 3 inayo tangu toleo la 3.2.

Mpangilio wa hatua nao una uzito. Makundi ya ziada huondolewa kwanza kwa os.setgroups yenye orodha tupu, au huwekwa upya kwa os.initgroups, kisha kundi kuu hubadilishwa kwa os.setresgid, na mtumiaji huja mwisho. Aliyeanza na mtumiaji hana tena uwezo wa kugusa makundi, na Python humrudishia PermissionError. Heri kosa hilo liisimamishe seva kuliko kunyamazishwa na except isiyofanya lolote, maana mchakato uliobaki kwenye kundi la disk unaweza kusoma diski moja kwa moja bila kuwa root.

Baada ya hapo hufuata uhakiki. Mwaka 2000, kasoro katika kerneli za Linux za mfululizo wa 2.2 iliifanya sendmail, programu ya barua pepe, iendelee kama iliyojivua mamlaka ilhali root ingali kwenye akiba. Programu makini husoma os.getresuid na os.getresgid, kisha hujaribu kwa makusudi os.setuid yenye 0. Jaribio likifaulu, programu hujifunga papo hapo.

Kujivua hakufuti yaliyopita. Linux hukagua ruhusa wakati wa kufungua faili, hivyo faili lililofunguliwa na root huendelea kusomeka, na ufunguo wa siri wa TLS uliokwisha kupakiwa hubaki kwenye kumbukumbu. Yasiyohitajika hufungwa kabla.

Kwa michakato midogo inayoanzishwa na mingine, moduli ya subprocess tangu Python 3.9 hupokea user, group na extra_groups, na kazi yote hiyo hufanyika kabla programu mpya haijaanza. Kwa seva kama ile ya Bariadi, systemd, programu inayosimamia huduma za Linux, huondoa hata haja yenyewe ya kujivua: mistari ya User= na AmbientCapabilities=CAP_NET_BIND_SERVICE huanzisha mchakato ukiwa wa mtumiaji wa kawaida mwenye ruhusa ya kushika poti 443, bila kuwahi kuwa root.