Sheria Iliyoanzia Bwenini

Kijana wa Arusha au Kisumu anayepata nafasi ya kusoma Marekani hukutana na mafunzo ya kuzuia ukatili wa kingono mara tu anapoanza chuo. Huenda akayaona kama fomu nyingine ya kujaza. Lakini tukiifuata njia ya mafunzo hayo kinyumenyume, sheria baada ya sheria, tunafika katika bweni moja la Chuo Kikuu cha Lehigh, mjini Bethlehem, Pennsylvania, tarehe 5 Aprili 1986.

Humo ndimo Jeanne Clery, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza mwenye umri wa miaka 19, alimobakwa na kuuawa. Wazazi wake, Howard na Connie, walikuwa wameghairi kumpeleka Tulane, chuo walichosoma kaka zake, baada ya kusikia mwanafunzi ameuawa huko. Lehigh ilionekana tulivu. Baada ya kumzika binti yao ndipo walipopata habari kwamba matukio 38 ya uhalifu wa kutumia nguvu yalitokea hapo ndani ya miaka mitatu. Hakuna aliyekuwa amewaambia. Na aliyemuua alikuwa mwanafunzi wa chuo hichohicho. Milango mitatu ambayo ingemzuia ilikuwa imeachwa wazi.

Wazazi hao walikishtaki chuo, wakamalizana nacho nje ya mahakama, na fedha walizolipwa wakazitumia kuwaandama watunga sheria. Pennsylvania ilikubali kutunga sheria mwaka 1988. Novemba 1990, Rais George H. W. Bush akatia saini sheria ya nchi nzima, ambayo tangu 1998 inaitwa kwa jina la Jeanne. Nguvu yake iko kwenye fedha: chuo kinachopokea fedha za serikali kuu za kuwasaidia wanafunzi lazima kitangaze takwimu zake za uhalifu kila mwaka.

Takwimu zinamfaa anayechagua chuo. Hazimsaidii msichana anayeandamwa na mpenzi wa zamani, wala kijana anayemwona mwenzake mlevi akiongozwa kuelekea chumbani na asijue la kufanya. Mwaka 1992, kwa marekebisho ya mbunge Jim Ramstad, elimu kuhusu ubakaji ilitajwa, ukiwemo ubakaji unaofanywa na mtu unayemfahamu, ila kwa maneno machache mno. Ilibidi kungoja hadi tarehe 7 Machi 2013, Rais Obama alipotia saini sheria iliyofafanua nani afundishwe na afundishwe nini. Zaidi ya miaka 22 kutoka kuhesabu hadi kufundisha kwa dhati! Naona huo ni ucheleweshaji usio na udhuru, kwa kuwa tangu mauaji yale ya 1986 ilijulikana wazi kwamba hatari ilitoka ndani.

Tangu hapo chuo lazima kiwape mafunzo wanafunzi wapya na wafanyakazi wapya, kisha kiyaendeleze mwaka hadi mwaka. Yaeleze maana ya ridhaa na ya makosa kama ukatili wa kingono na kuandama mtu kwa sheria za jimbo husika, namna ya kutoa taarifa, na jinsi shuhuda anavyoweza kuingilia kati bila kujiponza. Kukiuka sheria yenye jina la Jeanne kuna gharama: mwaka 2024 Chuo Kikuu cha Liberty, Virginia, kilitozwa faini ya dola milioni 14.

Pengo moja limebaki. Sheria hiyo inakilazimisha chuo kutoa mafunzo. Haimlazimishi mwanafunzi kuhudhuria. New York ilikwenda mbali zaidi mwaka 2015: wanamichezo wa vyuo lazima wamalize mafunzo kabla ya kushiriki mashindano, na viongozi wa vyama vya wanafunzi kabla ya vyama vyao kutambuliwa na chuo.

Mzazi unayemsindikiza mwanao uwanja wa ndege, omba ripoti ya usalama ya chuo chake, ambayo hutakiwa kuwa imetoka kila mwaka ifikapo Oktoba mosi, muisome pamoja. Kisha mwambie ahudhurie mafunzo hayo, hata kama hakuna atakayemuuliza.