Chuo kikuu kilipomfuata mwalimu kwa posta na redio

Mwaka 1968, Kenya ikiwa bado haijatimiza miaka mitano ya uhuru, bahasha zenye masomo zilianza kutoka Kikuyu, mji mdogo ulio kilomita chache kutoka Nairobi, zikielekea shule za msingi za kila pembe ya nchi. Waliozipokea hawakuwa wanafunzi. Walikuwa walimu. Kilichozituma kilikuwa Chuo Kikuu Kishiriki cha Nairobi, wakati huo kikiwa tawi la Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Makerere na Dar es Salaam.

Ili kuelewa kwa nini chuo kikuu kilijitwika kazi hiyo, turudi nyuma kidogo. Uhuru ulipokuja, wazazi walitaka watoto wao wasome, na shule zikafunguliwa kwa kasi kubwa kuliko vyuo vilivyoweza kutoa walimu. Tume ya elimu iliyoongozwa na Profesa Simeon Ominde, msomi wa jiografia, ilitoa ripoti yake mwaka 1964 na kueleza bayana udhaifu wa walimu wa msingi. Katikati ya mwongo huo walimu wasiofuzu walikuwa zaidi ya 10,000, yaani zaidi ya robo ya walimu wote wa shule za msingi. Wengi wao walikuwa wameishia darasa la saba au la nane, kisha wakarudi kufundisha darasa walilotoka juzi.

Kuwaondoa kazini ili wakasome kusingewezekana, kwani nani angebaki na watoto? Njia iliyobaki ilikuwa kumwacha mwalimu darasani kwake na kumpelekea masomo huko huko. Mwaka 1967 Kitengo cha Masomo kwa Posta kikaundwa katika taasisi ya elimu ya watu wazima ya chuo hicho, pale Kikuyu. Shirika la misaada la Marekani, USAID, lilisaidia kwa fedha, na Chuo Kikuu cha Wisconsin kikaleta wataalamu waliokuwa na uzoefu wa kufundisha kwa njia ya mbali. Mkenya aliyekuja kujulikana zaidi kwa kazi hii ni Peter Kinyanjui, aliyekiongoza kitengo hicho na kuandika sana juu yake.

Somo lenyewe lilikuwa na sehemu tatu. Kwanza ilikuwepo karatasi ya mwongozo, iliyoandikwa kana kwamba mwalimu mwenzako ameketi mezani pako: soma ukurasa huu wa kitabu, simama hapa, jibu swali hili kabla ya kuendelea. Mwishoni palikuwa na zoezi. Mwalimu alilijaza, akalitia katika bahasha na kulituma Kikuyu, ambako msahihishaji hakuandika alama peke yake bali pia maelezo ya wapi alipokosea na afanyeje. Sehemu ya pili ilikuwa redio. Sauti ya Kenya ilitangaza vipindi vilivyokwenda sambamba na masomo ya posta, na kwa mwalimu wa Kiingereza aliye mbali na mji, hiyo ilikuwa nafasi ya kusikia matamshi ambayo karatasi haiwezi kuyatoa. Sehemu ya tatu ilikuwa vikao vya ana kwa ana wakati wa likizo, ambapo walimu walikutana na wasahihishaji wao waliowajua kwa mwandiko tu.

Posta ilikuwa na kasoro zake. Zoezi lililochelewa kurudi lilikatisha tamaa, na wapo walioacha njiani. Hata hivyo maelfu waliendelea, na nadhani sababu yake si ngumu kuiona. Masomo yale yalimwandaa mwalimu kwa mtihani wa KJSE, ule wa kidato cha pili, na kuufaulu kulimfungulia mwalimu wa daraja la P3 njia ya kupanda hadi P2, na mshahara ukaongezeka. Mwalimu alijua anasomea nini.

Halafu ikaja Desemba 1973. Rais Jomo Kenyatta alitangaza kufutwa kwa karo ya madarasa manne ya kwanza, na mwaka 1974 idadi ya wanafunzi wa shule za msingi ikaruka kutoka karibu milioni 1.8 hadi zaidi ya milioni 2.7. Walimu wasiofuzu wakaajiriwa tena kwa wingi, na kazi ya Kikuyu ikawa kama kuteka maji kwa pakacha. Lakini mbegu haikupotea. Mwaka 1986 Chuo Kikuu cha Nairobi kilianzisha shahada ya ualimu kwa masomo ya mbali pale pale Kikuyu, na baadaye vyuo vikuu vingine vikajaa walimu kila likizo ya Aprili, Agosti na Desemba, wakisoma na kurudi shuleni muhula ukifunguliwa.

Mambo yamegeuka tangu hapo. Septemba 2021 Tume ya Kuwaajiri Walimu, TSC, ilizindua mpango wa mafunzo endelevu kwa walimu wote, ukiendeshwa na Chuo Kikuu cha Kenyatta, Chuo Kikuu cha Mount Kenya, Chuo Kikuu cha Riara na KEMI, taasisi ya usimamizi wa elimu. Ulipangwa kuwa na hatua sita, kila moja ya miaka mitano, na mwalimu alitakiwa kulipa shilingi 6,000 kila mwaka. Walimu wengi walilalamika, na mimi naona walikuwa na haki. Si kwamba hawataki kusoma: hao hao ndio waliotumia likizo zao na akiba zao kutafuta shahada kwa miaka mingi. Wanachouliza ni kile mwalimu wa 1968 hakuhitaji kuuliza: nikimaliza, napata nini?

TSC na vyuo vikuu wanayo historia yao wenyewe ya kuwajibu. Mwalimu asitozwe kwa mafunzo anayolazimishwa na mwajiri wake, na kila hatua anayomaliza ionekane katika daraja lake na katika mshahara wake.