Matairi Laini na Njia za Mashambani

Baiskeli ilipoanza kuwa chombo cha kuendea likizo, haikuwa chombo cha maskini. Mwaka 1878, katika mji wa Harrogate nchini Uingereza, waendeshaji kadhaa waliunda chama cha kusafiri kwa baiskeli, na miaka mitano baadaye chama hicho kikaitwa Cyclists' Touring Club. Kilichagua hoteli ambako wanachama wangelala kwa bei nafuu, kikaweka vibao vya onyo penye miteremko mikali, tena kikateua wawakilishi mijini, hata ng'ambo, ili mgeni aliyeharibikiwa njiani apate mtu wa kumwelekeza kwa fundi. Kufikia mwaka 1899 kilikuwa na wanachama zaidi ya 60,000. Kwa hiyo msomaji akikutana leo na kundi la watalii wanaofuatana kwa baiskeli katika vijia vya Ulaya, kiongozi mbele, gari la mizigo nyuma, chakula cha mchana kimekwisha kuagizwa kijiji cha tatu, asidhani ni uvumbuzi wa juzi. Karibu kila kitu cha safari hizo kilikwisha kupangwa kabla babu zetu hawajazaliwa.

Kilichoziwezesha hasa ni tairi. Baiskeli za kwanza zilikuwa na magurudumu ya mbao yenye ukingo wa chuma, kisha zikaja za mpira usio na upepo, na juu ya barabara za mawe mtu alifika mifupa yote imelegea. Mwaka 1888 daktari wa mifugo aliyekuwa akiishi Belfast, John Boyd Dunlop, alipata hati ya tairi la kujazwa upepo, alilolitengeneza kwanza kwa ajili ya baiskeli ya mwanawe ya magurudumu matatu. Mskoti Robert William Thomson alikuwa amewahi kupata hati ya wazo hilo hilo mwaka 1845, lakini wakati huo baiskeli zenyewe hazikuwapo, na wazo likalala. Safari hii halikulala. Katika miaka michache Ulaya na Marekani zikashikwa na kichaa cha baiskeli, na viwanda vikaanza kuutafuta mpira kwa udi na uvumba.

Mimi niliendesha katika msafara wa namna hiyo mwezi Juni 2019, nchini Ubelgiji. Tulikuwa watu kumi na wanne, wengi wastaafu, na kiongozi wetu alikuwa mwalimu aliyekwisha kustaafu, mwenye ndimi za mashavu zilizoiva kwa jua na hasira ndogo kwa yeyote aliyechelewa kifungua kinywa. Nchi ile ni tambarare upande wa kaskazini, na kwa mtu aliyezoea kumwona mwuza maziwa akikokota baiskeli ya Phoenix kupanda kilima, madumu mawili yamefungwa kwenye keria, kuendesha bila mzigo wowote kunaleta haya kidogo. Hata begi langu la nguo lilikuwa garini.

Jambo lililonistaajabisha kwanza ni namba. Katika njia panda za vijia, kando ya mifereji, katikati ya mashamba ya mahindi na mabanda ya ng'ombe, kuna vibao vidogo vyenye namba, na kila kimoja huonyesha njia ya kwenda namba zinazofuata. Msafiri haandiki majina ya vijiji. Huandika namba zake kwenye kikaratasi, akakifunga kwenye usukani, basi. Utaratibu huo ulibuniwa na mhandisi wa migodi wa jimbo la Limburg, Hugo Bollen, naye aliuchukua kutoka chini ya ardhi, ambako njia panda za mgodi zilitiwa namba ili mchimbaji asipotee gizani. Mgodi wa mwisho wa makaa ya mawe wa Limburg, ule wa Zolder, ulifungwa mwaka 1992. Mtandao wa vijia vya namba ukafunguliwa jimboni humo mwaka 1995, kisha ukaenea Flanders yote na kuvuka hadi Uholanzi. Napenda sana kisa hiki. Watu waliopoteza kazi hawakurudishiwa kazi zao, lakini akili iliyotokana na kazi ile ilipanda juu ikaota mahali pengine.

Palikuwa pia na barabara za mawe, ambazo ndizo zilizoyapa matairi ya upepo maana yake. Wenyeji huyaita mawe hayo kwa lugha yao "vichwa vidogo vya watoto", kwa jinsi yalivyo duara juu. Kiongozi alitueleza jina hilo akicheka, nasi tukacheka.

Siku ya nne tulitoka Brussels kupitia msitu mkubwa wa Soignes, wenye miti mirefu isiyo na matawi chini kama nguzo za msikiti, tukatokea Tervuren. Katika ratiba yetu mahali hapo paliandikwa kuwa pa chakula cha mchana na bustani. Mwaka 1897 Mfalme Leopold wa Pili aliandaa maonyesho makubwa mjini Brussels, na sehemu ya Kongo aliiweka Tervuren. Aliletewa Wakongo 267, baadhi yao wakakalishwa mchana katika vijiji vya kuigiza kando ya maziwa ya bustani, na zaidi ya watu milioni moja wakaja kuwatazama. Watazamaji waliwatupia vyakula hata waandalizi wakalazimika kuweka tangazo la kukataza. Wakongo saba walikufa katika kiangazi kile, ambacho kwa Wabelgiji kilikuwa kiangazi lakini kwao kilikuwa baridi na mvua. Majina yao ni Ekia, Gemba, Kitukwa, Mpeia, Zao, Samba na Mibange. Wamelala pembeni ya kanisa la mji, hatua chache kutoka barabarani.

Katika kundi letu alikuwamo mama mmoja mzaliwa wa Lubumbashi, aliyehamia Brussels miaka mingi. Yeye ndiye aliyeniita nije makaburini wakati wengine wanaagiza bia.

"Balikufa hapa, Papa," aliniambia. "Balikufa na baridi."

"Pole, Mama," nikamjibu, maana sikuwa na neno jingine.

Jumba la makumbusho lililopo sasa lilifunguliwa mwaka 1910, baada ya kifo cha mfalme, likafungwa mwaka 2013 kwa matengenezo, likafunguliwa tena Desemba 2018. Ndani yake kuna ukuta wenye majina ya Wabelgiji 1,508 waliokufa Kongo kabla ya mwaka 1908. Ukuta ule haugusiki kisheria, ni urithi wa taifa. Basi msanii Freddy Tsimba wa Kinshasa akaandika majina ya Wakongo waliofia Ubelgiji juu ya vioo vya madirisha yanayouelekea, na jua likiwaka vivuli vya majina hayo huangukia juu ya majina ya Wabelgiji. Siku ile mawingu yalitanda. Tulisubiri dakika kama kumi, kisha kiongozi akapiga kengele yake nje.

Sasa turudi kwenye tairi. Mpira mwingi wa dunia katika miaka ile ulitoka Brazili, na haukutumika kwa baiskeli peke yake. Ulihitajika kwa mabomba, mashine na nyaya za umeme, na baadaye kwa motokaa. Hata hivyo, baiskeli ndiyo iliyoanza kupandisha bei, na bei ndiyo iliyoiokoa hazina ya Leopold, ambaye tangu mwaka 1885 aliimiliki Kongo kama mtu amilikivyo shamba, bila kuikanyaga hata siku moja. Mpira wa Kongo haukupandwa. Ulikuwa utomvu wa mitambaa ya mwituni, na mtu aliingia msituni siku nyingi kuutafuta, akaupaka mikononi na kifuani ugande, kisha akaubandua pamoja na vinyweleo. Hakuna aliyeifanya kazi hiyo kwa hiari. Kwa hiyo wake walishikwa mateka mpaka waume walete kiasi kilichopangwa, na askari waliotakiwa kuthibitisha kwamba hawakupoteza risasi walileta mikono iliyokatwa. Kufikia mwaka 1901 nchi ilikuwa ikitoa tani 6,000 hivi kwa mwaka.

Karani mmoja wa kampuni ya meli ya Liverpool, Edmund Morel, aliigundua siri bandarini Antwerp: meli zilikuja zimejaa mpira na pembe, zikarudi na bunduki na risasi, pasipo bidhaa za kununulia. Mwaka 1904 ripoti ya balozi Roger Casement ilitangazwa, na mwaka huo huo mmisionari Alice Seeley Harris, huko Baringa, alimpiga picha baba aitwaye Nsala akitazama mkono na mguu wa binti yake. Mwaka 1908 Leopold alilazimishwa kuikabidhi Kongo kwa taifa la Ubelgiji.

Ningependa kusema kwamba sisi wa pwani tulikuwa mbali na hayo. Lakini mwaka 1887 Leopold alimteua Tippu Tip wa Zanzibar kuwa gavana wake wa Stanley Falls, na Kiswahili cha mama yule wa Lubumbashi kina mizizi katika njia hizo hizo za misafara, za pembe na watumwa. Tulizungumza kwa lugha moja pale makaburini, nasi sote wawili tulijua ilivyofika kwao.

Kwa mfanyakazi wa Ubelgiji likizo ya kulipwa ilikuja mwaka 1936, baada ya mgomo mkubwa wa Juni. Sheria ya tarehe 8 Julai ilimpa siku sita. Ndipo baiskeli ikawa chombo cha likizo cha watu wa kawaida. Siku sita hazitoshi kufika mbali, lakini zinatosha kufika baharini Ostend na kurudi.

Tukiwa njiani jioni, mama alinieleza kuhusu Goma, alikoishi kwa dada yake. Huko watu hubeba viazi, makaa na mbao kwa chukudu, chombo cha mbao kilichofanana na baiskeli isiyo na pedali, ambacho mwenyewe hupigia goti juu yake na kuteremka nacho mlimani. Magurudumu yake pia ni ya mbao, na ukingo wake huviringishwa vipande vya matairi makuukuu, vikapigiliwa misumari. Nilimwuliza kama yana upepo. Akasema, "Hapana, Papa. Mpira tu."