Asili ya Maktaba ya Boost

Mwaka 1998, lugha ya kuandikia programu iitwayo C++, aliyoiasisi Bjarne Stroustrup katika maabara za Bell huko Marekani, ilipopata kanuni yake ya kwanza ya kimataifa, baadhi ya wajumbe wa kamati iliyoitunga, na miongoni mwao Beman Dawes, walitambua kwamba hazina ya zana iliyoambatana nayo ilikuwa na upungufu, wala haikuwa busara kungojea miaka mingi ndipo uzibwe. Basi wakaanzisha Boost, maktaba ya programu itolewayo bure kwa kila mwenye haja, na msimbo wake u wazi ausome atakaye. Kilichoitukuza, kwa rai yangu, ni ile desturi adhimu ya kuihakiki kila kazi hadharani kabla ya kuikubali: mtunzi huiweka mbele ya mafundi wenzake, nao huipekua, huihoji, na mara nyingine huikataa, hata awe mashuhuri namna gani. Kwa njia hiyo shared_ptr, chombo kihesabucho watumiaji wa kipande cha kumbukumbu ili kiachiliwe aondokapo wa mwisho, kilijaribiwa miaka kadhaa kabla ya kuingizwa katika kanuni ya mwaka 2011. Na zana za kushughulikia mafaili zikafuata katika ile ya 2017.