Louisa Swain

Louisa Swain (1801–1880) alikuwa mkazi wa Laramie, Wyoming, nchini Marekani. Tarehe 6 Septemba 1870 alipiga kura katika uchaguzi mkuu, na huenziwa kama mwanamke wa kwanza kufanya hivyo chini ya sheria iliyowapa wanawake haki ya kura sawa na wanaume. Gavana John Campbell aliitia saini sheria hiyo Desemba 1869.

Inasimuliwa kwamba bibi huyo, aliyekuwa akikaribia miaka 70, alidamka akajifunga aproni safi, akabeba kindoo cha kununulia hamira, na kupitia kituoni kabla milango haijafunguliwa rasmi. Maafisa wakamruhusu. Ni haki kukumbuka pia waliomtangulia: huko New Jersey wanawake wenye mali walipiga kura hadi 1807, na Februari 1870 Seraph Young alipiga kura ya manispaa Salt Lake City.

Sanamu ya shaba ya Swain ilisimamishwa katikati ya mji wa Laramie mwaka 2005. Miaka mitatu baadaye Bunge la Marekani liliitambua Septemba 6 kuwa siku yake.