Maji na Njia katika Uwanda wa Kati

Dodoma iko kwenye uwanda wenye kimo cha takriban mita 1,100, nchi inayopata mvua ya milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili. Mto Bubu hushuka kutoka milima ya Kondoa na kuishia Bahi, ambako maji hutanda yakawa ziwa la msimu: mwaka wa mvua wavuvi hutupa nyavu, mwaka wa ukame hubaki magadi na vumbi. Kaskazini-magharibi, mjini Singida, maziwa ya chumvi ya Singidani na Kindai yamezungukwa na majabali ya matale. Kila njia iliyokatiza uwanda huu ilifuata maji au iliyakwepa.

Karne ya 19, misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe, eneo la Tabora ya leo, ilipovuka Mpwapwa ilikabiliwa na Marenga Mkali, nyika ya takriban kilomita 50 isiyo na maji ya kutegemea. Jina lenyewe lina maana ya maji machungu. Hapo wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walipiga tirikeza. Asubuhi walipika, wakanywa, wakajaza vibuyu. Mchana jua likiwa kali walijitwika mizigo yao ya kama frasila mbili, wakatembea hadi usiku, wakalala mahali pasipo maji ili kesho yake wafike kisimani mapema. Wasafiri wa Kiingereza Burton na Speke walipopita mwaka 1857 walikuta ng'ambo ya nyika hiyo dimbwi lililoitwa Ziwa, basi. Kwa mtu aliyekuwa na kiu tangu jana, jina hilo halikuwa kubwa mno.

Baada ya hapo ilianza Ugogo, na hongo. Watemi wa Wagogo walidai nguo, shanga na nyaya za shaba kabla msafara haujaruhusiwa kupita, na wasafiri wa Kizungu waliandika kwa hasira kuhusu kodi hiyo. Hasira yao ilisahau jambo moja: visima vilichimbwa na wenyeji, mara nyingi kwa kufukua mchanga wa mto uliokauka, na msafara wa watu mia kadhaa ungeweza kukausha kwa siku moja maji ya ng'ombe wa kijiji kizima. Utawala wa Wajerumani ulipoimarika, hongo ilikoma. Reli ilifika Dodoma mwaka 1910, mahali ambapo simulizi ya Wagogo inasema tembo alikuja kunywa maji akadidimia matopeni. Ndiko, wanasema, lilikotoka jina Idodomya, yaani Dodoma.

Magari yaligeuza tatizo. Mpagazi aliogopa kiangazi, dereva akaogopa masika. Aprili 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, jeshi la Jenerali van Deventer, lililotumwa na Waingereza dhidi ya Wajerumani, liliingia Kondoa Irangi, kisha mvua ikakata njia nyuma yake: malori yalinasa, farasi wakafa kwa wingi, askari wakaishi kwa chakula kidogo. Dodoma haikutekwa hadi mwisho wa Julai, ardhi ilipokauka. Udongo mweusi wa mbuga ndio uliowakwamisha. Ukiwa mkavu hupasuka nyufa za kuingiza mguu. Ukilowa hujaa katikati ya tairi na bodi hadi gurudumu ligome kuzunguka, na hapo dawa ni sepetu, jeki na matawi ya kutandika chini ya tairi.

Barabara Kuu ya Kaskazini, iliyopita Dodoma, Kondoa na Babati kwenda Arusha, ilibaki ya vumbi na tope kwa miongo mingi.  Kipande cha Dodoma hadi Babati, chenye kilomita 251, kilikamilika kwa lami mwaka 2018. Nje ya lami hiyo, kwenye mbuga za Bahi, gari lenye nguvu kwenye magurudumu yote manne bado hunasa masika, na madereva wanaozijua husubiri Juni.